Kabla Hujawasha Kamera

Kikao changu cha kwanza cha tiba ya kisaikolojia mtandaoni nilikifanyia chumbani kwangu Tabata, nimeketi kitandani, spika za masikioni zimekaa sawasawa, mlango nimeutia komeo. Kwa dakika hamsini nilieleza mambo ambayo sikuwahi kumwambia mtu. Jioni yake mama mdogo, ambaye mchana kutwa alikuwa uani akichambua mchele chini ya dirisha langu, aliniwekea chakula bila kunitazama usoni, kisha akasema, "Pole, mwanangu." Hakusema pole ya nini.

Kosa langu lilikuwa la kifizikia. Spika za masikioni huficha sauti ya mtaalamu, na sauti hiyo haina siri ya kufichwa. Siri yote ilikuwa kwenye sauti yangu, nayo ilitoka dirishani kama inavyotoka siku zote.

Ofisini kwa mwanasaikolojia, kazi nyingi hufanywa na jengo lenyewe. Ukuta hutunza siri. Cheti kilichotundikwa husema huyu ni nani. Mhudumu wa mapokezi hupanga saa na kupokea fedha. Ukizidiwa, yupo wa kukushika mkono. Kikao kikihamia kwenye simu, kazi hizo hubaki hazina mwenyewe mpaka wewe na mtaalamu mgawane. Anayefikiria kuanza tiba hii na mtaalamu binafsi inafaa azijue kuta hizo mapema, azijenge kabla ya siku ya kwanza.

Je, inaponya?

Swali hili limeshapimwa. Mwaka 2014 watafiti walioongozwa na Gerhard Andersson wa Chuo Kikuu cha Linköping, Uswidi, walikusanya majaribio 13 yenye washiriki 1,053. Katika kila jaribio watu waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine walikutana na mtaalamu ana kwa ana, wengine walipata tiba kwa intaneti. Walikuwemo wenye sonona, wenye kupatwa na hofu ya ghafla, wenye kuogopa mikusanyiko, hata wanaotishwa na buibui. Tofauti ya nafuu kati ya makundi hayo ilikaribia sifuri. Mwaka 2018 hesabu ilirudiwa kwa majaribio 20 na washiriki 1,418, na jibu lilikuwa lile lile.

Matokeo hayo yana masharti yake. Tiba iliyopimwa ni ile ya utambuzi na tabia, inayomfundisha mtu kulikamata wazo linalomwangusha, kulipima kwa ushahidi, na kuyarudia taratibu mambo aliyoyakimbia. Tena ilikuwa na mwongozo: mgonjwa alisoma na kufanya mazoezi, na mtaalamu alimfuatilia na kumjibu. Programu ya kujisomea peke yako, au mashine inayojibu kama binadamu, ni habari nyingine. Kwa simu za video, majaribio yaliyofanywa kwa wanajeshi wastaafu wa Marekani wenye majeraha ya akili ya vita nayo yameonyesha kuwa tiba inaweza kufika hata kupitia kioo.

Wapo wasiofaa kuanzia hapa. Anayesikia sauti ambazo wengine hawazisikii, aliyekesha siku kadhaa huku nguvu zikimzidi, au aliyekwisha kupanga namna ya kujiua, aende hospitali leo akiwa na mtu wa kumsindikiza. Mlevi wa muda mrefu asiache pombe ghafla akitegemea simu, kwani mwili uliozoea unaweza kuingia kwenye degedege. Na kama moyo unakwenda mbio, mikono inatetemeka na uzito unapungua, pima damu kwanza: tezi ya shingo inayotoa homoni kupita kiasi huleta dalili zinazofanana kabisa na za wasiwasi.

Nani yuko upande wa pili?

Majina ya kazi hii huchanganya. Daktari wa magonjwa ya akili amesomea udaktari na anaweza kuandika dawa. Mwanasaikolojia tiba hutibu kwa mazungumzo na vipimo vya kisaikolojia. Mshauri nasaha husaidia mtu kupita kwenye msiba, ndoa inayoyumba au uamuzi mgumu. Wote wana nafasi yao, ila ukurasa wenye picha nzuri na maneno ya kutia moyo haukuambii ni nani kati yao.

Kenya ina Sheria ya Washauri Nasaha na Wanasaikolojia ya mwaka 2014, iliyounda bodi ya kuwasajili. Kwa Tanzania Bara, madaktari wa magonjwa ya akili husajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika kama madaktari wengine. Kwa hiyo omba namba ya usajili, uliza shahada imetoka chuo gani, kisha uliza swali ambalo wengi hulisahau: "Nani anakusimamia kazini?" Mtaalamu mzuri ana mwenzake mwenye uzoefu anayepitia naye kesi ngumu, na hataona haya kusema hivyo. Anayekasirikia maswali haya amekwisha kukujibu.

Kwa Mswahili aliyeko Muscat, London au Toronto, ongeza swali moja. Usajili wa taaluma hii hufungamana na nchi, na mara nyingi sheria hutazama pia mahali alipokaa mgonjwa. Mtaalamu wa Nairobi anaruhusiwa kumhudumia mtu aliye katika nchi unayoishi? Mambo yakiharibika, malalamiko yatapelekwa wapi? Pata jibu kabla ya kulipa.

Lugha ya machungu

Ninaelewa vizuri kwa nini aliye mbali humtafuta mtaalamu wa nyumbani. Mwaka 2003 Catherine Harris na wenzake walichapisha utafiti kuhusu watu waliokua na Kituruki na kujifunza Kiingereza baadaye. Waliwapima jinsi ngozi inavyobadilika kwa jasho dogo lisiloonekana, alama ya mwili kushtuka. Maneno makali, hasa yale ambayo mzazi humkaripia nayo mtoto, yaliushtua mwili zaidi yaliposemwa kwa lugha ya kwanza.

Tiba nyingi hufanyika hapo hapo mwili unaposhtuka. Mtu anaweza kueleza utoto wake wote kwa Kiingereza safi, macho makavu, kisha akalia kwa neno moja la bibi yake. Daktari ataandika sonona, au unyogovu kama wasemavyo Kenya, lakini sisi wenyewe husema "nina mawazo", "moyo mzito", "kichwa kimejaa". Muulize mtaalamu kama unaweza kuchanganya lugha, na kama anaelewa kuwa "mawazo" kwetu ni zaidi ya kufikiri.

Sekunde moja inayodanganya

Wazungumzaji hupokezana zamu kwa kasi ya kushangaza. Mwaka 2009 Tanya Stivers na wenzake walipima mazungumzo katika lugha 10 za pande mbalimbali za dunia, wakakuta pengo la kawaida kati ya swali na jibu ni kama moja ya tano ya sekunde. Ubongo huanza kuandaa jibu kabla mwenzio hajamaliza.

Mtandao unaosuasua huvuruga saa hiyo. Katika utafiti uliofanywa Ujerumani na kuchapishwa mwaka 2014, Katrin Schoenenberg na wenzake walichelewesha sauti kati ya wazungumzaji. Kuchelewa kwa sekunde moja na kitu kulitosha kumfanya mtu amwone mwenzake kuwa hana usikivu wala urafiki. Kosa ni la mtandao, anayelaumiwa ni binadamu. Fikiria umesema jambo zito kuliko yote maishani mwako, halafu kunapita kimya. Mtaalamu anakupa nafasi upumue, au ameshtuka, au bando limekwisha?

Dawa yake ni mapatano. Kubalianeni kwamba picha ikiganda mtazima kamera na kubaki na sauti. Simu ikikatika, mtaalamu ndiye atakayepiga, baada ya dakika mbili. Kubalianeni ishara ya mkono yenye maana ya "nipo, nafikiri". Ficha picha yako mwenyewe kwenye kioo, maana hakuna anayelia kwa uhuru huku akijitazama.

Kata nyingine mtungini

Wahenga walisema siri ya mtungi aijuaye kata. Kwenye tiba ya mtandaoni kata zimeongezeka: ipo programu ya simu, ipo kompyuta inayohifadhi maelezo, upo ujumbe wa malipo unaobaki na jina la mpokeaji kwenye simu ambayo huenda mnaitumia wawili.

Finland ilijifunza kwa uchungu. Oktoba 2020 ilijulikana kuwa kumbukumbu za Vastaamo, kampuni kubwa ya tiba ya kisaikolojia, zilikuwa zimeibwa. Watu zaidi ya 30,000 walihusika. Mwizi aliwaandikia wagonjwa mmoja mmoja akidai euro 200, la sivyo aanike walichomwambia mtaalamu wao. Mwaka 2024 alihukumiwa kifungo cha zaidi ya miaka sita, lakini maneno yaliyokwisha kuanikwa hayarudi. Marekani nako, kampuni ya BetterHelp ilikubali mwaka 2023 kulipa dola milioni 7.8 baada ya tume inayolinda walaji kuituhumu kuwapa watangazaji wa biashara taarifa za wateja wake.

Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Zote mbili zinazipa taarifa za afya ulinzi wa pekee. Sheria hizo ni ngao yako. Uliza: maelezo yangu yanaandikwa wapi, nani mwingine anayaona, yanafutwa lini, kikao kinarekodiwa? Uliza pia mipaka ya usiri. Mtaalamu mwaminifu atakwambia mapema kwamba hatanyamaza maisha yakiwa hatarini, mtoto akiwa anadhurika, au mahakama ikiamuru.

Nyumbani, tumia sayansi ya sauti. Sauti hufichwa na sauti nyingine ya kimo kama chake, hivyo redio ya mazungumzo husaidia kuliko muziki wenye besi. Iweke nje ya mlango, karibu na masikio ya wengine, isije ikawazidi wewe na mtaalamu. Gari lililoegeshwa kivulini ni chumba kizuri. Na kama unayemwogopa ndiye unayeishi naye na huikagua simu yako, afadhali kituo cha afya chenye mlango. Ikishindikana kabisa, mpatane neno la kawaida, kama "umeme umekatika", ambalo mtaalamu akilisikia atajua abadilishe mazungumzo mara moja.

Saa, fedha na kipimo

Jambo dogo ambalo limewapotezea wengi vikao: saa mbili usiku ya Dar es Salaam huandikwa 20:00 kwenye kalenda ya programu, na Muscat wakati huo ni saa tatu. Thibitisha kwa maandishi saa ya nchi gani. Fahamu bei, muda wa kikao, na kama utalipa usipotokea.

Uliza tiba itachukua muda gani. Mwaka 1986 Kenneth Howard na wenzake walikusanya taarifa za wagonjwa zaidi ya 2,400, wakakuta nusu walikuwa na nafuu inayopimika kufikia kikao cha 8, na robo tatu kufikia kikao cha 26. Hapo utaona kwamba vikao viwili havitoshi kukata tamaa, na miezi mingi bila mabadiliko inahitaji swali. Watafiti hukadiria pia kuwa asilimia 5 hadi 10 ya wagonjwa humaliza tiba wakiwa na hali mbaya zaidi. Hivyo pima. Dodoso la sonona la PHQ-9, ambalo limejaribiwa kwa Kiswahili, lina maswali 9 kuhusu wiki mbili zilizopita, na alama zake huanzia 0 hadi 27. Kulijaza kila baada ya vikao vichache huonyesha njia inaelekea wapi, ingawa ugonjwa wenyewe huthibitishwa na mtaalamu.

Kipo kipimo kingine usichohitaji karatasi kukijaza. Mwaka 1979 Edward Bordin alieleza kuwa uhusiano wa mtaalamu na mgonjwa una nguzo tatu: kuaminiana, kukubaliana mnakwenda wapi, na kukubaliana mtafikaje. Mwaka 2018 tafiti 295 ziliunganishwa, nazo zikaonyesha kuwa uhusiano huo ukiwa imara matokeo huwa bora, kwenye skrini na ana kwa ana. Baada ya kikao cha tatu jiulize kuhusu nguzo hizo. Ikilegea moja, mwambie mtaalamu. Jinsi atakavyoyapokea maneno yako ni sehemu ya tiba.

Uko wapi?

Mtaalamu wangu wa kwanza alikuwa na elimu na upole, lakini hakuwahi kuniuliza nimeketi wapi. Ningezidiwa katikati ya maneno, asingejua atume msaada mtaa gani. Kabla ya kuanza, mpe mtaalamu anwani yako halisi, namba ya mtu mmoja unayemwamini aliye karibu, na jina la hospitali ya jirani. Ukisafiri, mwambie.

Miezi kadhaa baadaye nilianza na mwingine. Redio ilikuwa nje ya mlango, dirisha limefungwa, na mama mdogo nilikuwa nimemwambia mwenyewe ninachofanya. Alichukua ungo wake akahamia upande wa pili wa nyumba. Picha ilipotulia, mtaalamu hakuniuliza tatizo langu. Alisema, "Kabla hatujaanza, niambie uko wapi sasa hivi, na nani anaweza kutusikia."

Nilimjibu. Ndipo nikaanza kusema.