Giaboksi ya otomatiki haishushwi kwa pupa

MENGI ya magari yaliyotumika yanayoletwa humu nchini kutoka Japani huwa na giaboksi ya otomatiki. Kwa vile kanuni huruhusu gari kuingizwa mradi halijapita umri wa miaka minane, si ajabu kifaa hicho kikaanza kusumbua baada ya muda.

Ili kukwepa gharama ya gereji, baadhi ya wenye magari huamua kuishushia giaboksi uani. Wahenga walinena kuwa mtaka cha mvunguni sharti ainame, lakini mvungu wa gari unaweza kumfunika aliyeinama.

Jambo la kwanza ni kuhakikisha kwamba kazi hiyo inahitajika. Mafuta yakipungua, au waya na vali za kuelekeza mafuta zikiharibika, gari hukataa kubadilisha gia, na mara nyingi hitilafu hizo hurekebishwa bila kushusha kitu. Lakini mafuta yakiwa meusi, yenye harufu ya kuungua na chembe za chuma, basi sehemu za ndani zimelika.

Gari huegeshwa juu ya sakafu ngumu iliyo sawa, magurudumu yanayobaki chini yakazuiwa, na waya hasi wa betri ukatolewa. Jeki ni ya kuinulia tu. Kinachopaswa kulibeba gari ni stendi za chuma. Mawe ya kujengea hayafai kamwe, kwani hupasuka ghafla.

Mafuta yakishapoa humwagwa kwenye chombo na kupimwa, ili ijulikane kiasi kilichotoka. Kisha hufunguliwa shafti, mabomba yaendayo kwenye rejeta, nyaya, kebo ya gia na stata. Kila kiungo kitiwe alama.

Hapa ndipo wengi hukosea. Kati ya injini na giaboksi mna konveta, chombo cha mviringo kilichojaa mafuta kinachopitisha nguvu za injini. Bolti zinazokiunganisha na injini hufunguliwa moja moja kupitia tundu dogo, huku injini ikizungushwa kwa spana. Konveta hutoka pamoja na giaboksi. Ikiachwa iteleze, humwaga mafuta na yaweza kumponda mtu mguu.

Giaboksi nyingi huzidi kilo 60, hivyo hii si kazi ya mtu mmoja. Kabla ya bolti za mwisho kutolewa, giaboksi hufungwa kwa mkanda juu ya jeki yake, nayo injini ikategemezwa kwa chini. Baadaye huvutwa nyuma ikiwa imenyooka, bila kuachwa ining'inie.

Wakati wa kuirejesha, konveta sharti isukumwe hadi izame kabisa na kuzunguka kwa wepesi. Anayelazimisha kukaza bolti huku pengo likibaki huvunja pampu ya mafuta, na kazi yote ikawa bure.

Mwisho ni mafuta mapya, ambayo hufuata maagizo ya mtengenezaji. Giaboksi inayotumia mkanda badala ya gia za kawaida huwa na mafuta yake maalumu, na kuyachanganya ni kuiharibu upya. Yale ya zamani yasimwagwe mtaroni, kwani huishia mitoni.

Asiye na stendi, msaidizi na vifaa kamili ni heri amwachie fundi.