Hisa za Mafuta na Ada ya Watoto

Hapa Swima mwuza mafuta ya taa zamani hakukosa wateja, maana wavuvi wa ndagala walivua kwa karabai. Siku hizi wavuvi wengi wa Ziwa Tanganyika hutumia taa za betri. Mteja amehama, pipa limebaki.

Jambo hili na limfundishe yeye atakaye kununua hisa za kampuni za mafuta. Hisa ni kipande cha mali ya kampuni: ikifaulu, nawe hupata fungu lako, ikianguka, huna wa kumdai. Kampuni ya Tullow ilivumbua mafuta Turkana, nchini Kenya, mwaka 2012. Tarehe 9 Desemba 2019 ilitangaza kwamba visima vyake vya Ghana vitatoa mafuta machache kuliko ilivyotumainiwa, tena haitagawa faida. Siku ile ile bei ya hisa zake ilishuka kupita nusu.

Hayo yalitukia wanunuzi wa mafuta wakiwa wengi. Itakuwaje magari mengi yatakapokwenda kwa umeme? Kweli, dunia haitaacha mafuta kesho. Lakini, mzazi, ukinunua hisa, nunua kwa akiba, si kwa ada ya shule. Wala usitie fedha zote katika kampuni moja. Mvuvi mwenye busara hategemei wavu mmoja.