Jua likivuka kilele, tusilale

Oktoba 2024, mashirika ya NASA na NOAA ya Marekani yalitangaza kwamba Jua limeingia kipindi cha kilele cha mzunguko wake wa takriban miaka 11. Kilele kikipita, madoa meusi ya Jua hupungua, na ni rahisi kudhani kuwa hatari nayo imepungua. Sikubaliani. Idadi ya madoa hueleza vizuri jinsi Jua lilivyochangamka. Haielezi ni lini protoni zenye nishati kubwa zitatufikia. Agosti 1972, karibu miaka minne baada ya kilele cha 1968, Jua lilitoa chembe ambazo zingeweza kuwadhuru vibaya wanaanga kama wangekuwa Mwezini. Bahati tu: Apollo 16 ilisharudi Aprili, Apollo 17 haikuruka hadi Desemba.

Tukio la 20 Januari 2005, mzunguko mwingine ukififia, linafundisha zaidi. Kundi la madoa lililolipuka lilikuwa limefika nyuzi 60 hivi magharibi ya katikati ya uso wa Jua tunaouona, na huko ndiko kwa kuhofiwa. Upepo wa Jua husomba uga wa sumaku, na kwa kuwa Jua linajizungusha, mistari ya uga huo hupinda kama maji yanayorushwa na bomba la bustani linalozunguka. Mstari unaoifikia Dunia kwa kawaida huanzia magharibi hapo, na protoni huufuata. Saa nne kasoro dakika kumi hivi asubuhi, kwa saa za Afrika Mashariki, vipimo vya nyutroni, ambazo protoni huzizalisha zikigonga hewa, viliruka ghafla kule Antaktika, dakika chache tu baada ya mwanga wa mlipuko wenyewe. Muda wa kumwonya mtu haukuwapo.

Mpinzani atanikumbusha kwamba mlipuko wa Agosti 1972 ulitokea karibu na katikati, mashariki kidogo. Ni kweli. Wingu la gesi lililotupwa kwa kasi husukuma wimbi pana la mshtuko, nalo huzalisha chembe njia nzima, hata kwenye mistari iliyo mbali na mlipuko. Ila chembe za namna hiyo mara nyingi huongezeka kwa saa kadhaa, na saa hizo ni nafasi ya kujikinga. Atasema pia kwamba matukio ni mengi zaidi miaka ya kilele. Kwa hesabu, ndiyo; lakini moja kubwa hushinda madogo mengi. Na ukubwa wa mlipuko nao hudanganya: Septemba 2017 mlipuko mkubwa zaidi ulikuwa wa tarehe 6, ilhali vipimo vya ardhini vilipanda tarehe 10, kundi lilelile la madoa lilipokuwa ukingoni kabisa magharibi.

Sisi wa Ikweta tumekingwa vizuri na sumaku ya Dunia. Kinga hiyo hudhoofu kuelekea ncha za Dunia, na abiria wa Nairobi anayeunganisha Dubai kwenda Los Angeles huweza kupita huko.