Je, Wajua? Alaimenti ya Land Rover 109 Huja Mwisho

Je, wajua kwamba kwenye alaimenti, yaani mpangilio wa magurudumu ya mbele, ya Land Rover 109 kuna kipimo kimoja tu ambacho fundi anaweza kukirekebisha kwa spana? Vingine vyote vilimalizwa kiwandani, vikabaki ndani ya chuma chenyewe. Ndiyo maana gari hili la zamani likianza kuyumba, kuvuta upande au kula tairi, mara nyingi tatizo liko kwenye bushi, bering, kingpini (pini ambazo gurudumu hugeukia) na viungo vya stering vilivyochoka. Anayekimbilia alaimenti kabla ya kuvikagua hivyo anatupa fedha, na kesho yake gari litayumba vilevile.

Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam tarehe 30 Aprili 1948. Maurice Wilks, mhandisi wa kampuni ya Rover ya Uingereza, alitaka gari la shamba. Kwa kuwa chuma kilikuwa adimu baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, bodi ikatengenezwa kwa aloi ya alumini juu ya chesisi ya chuma. Toleo refu la 109 lilitoka mwaka 1956 na likaendelea kuundwa, kwa mabadiliko ya hapa na pale, hadi mwaka 1985. Huku kwetu Afrika Mashariki lilibeba wagonjwa, askari, mabwana shamba na abiria wa vijijini. Mapenzi kwa gari hili hayajaisha: Oktoba 2024 Arusha iliandaa tamasha la Land Rover, likilenga kuipita rekodi ya msafara wa magari 632 iliyowekwa Ujerumani mwaka 2018.

Mkoani Kagera, lami ya kutoka Bukoba hadi Muleba haimsumbui mkongwe huyu. Kazi huanza dereva anapoiacha lami na kushika njia ya vumbi kuelekea Ngenge, gari likiwa na mikungu ya ndizi nyuma na watu juu yake. Kila shimo na kila kijituta hupiga gurudumu la mbele kwanza. Pigo hilo hupita kwenye bering, likaingia kwenye kingpini, kisha kwenye ekseli, kwenye springi na bushi zake, hadi kwenye chesisi. Pasipo na ulegevu, pigo humezwa na springi na shokapu. Palipo na ulegevu, vyuma hugongana, na ulegevu huongezeka.

Muundo wa mbele ni rahisi kuueleza. Ekseli moja nzima ya chuma imelala chini ya gari kutoka gurudumu hadi gurudumu. Imefungwa kwa yu-bolti kwenye springi mbili za bapa, yaani vyuma bapa vilivyopangwa kimoja juu ya kingine na kubanwa na senta bolti katikati. Nguvu ya mikono ya dereva hutoka kwenye usukani, ikaingia kwenye stering boksi, ikapita kwenye fimbo tatu zenye viungo sita kwa jumla. Katikati ya safari hiyo kuna rilei, mhimili uliosimama ndani ya mwamba wa mbele wa chesisi, ambao huigeuza nguvu na kuipeleka kwenye magurudumu.

Sasa tuje kwenye vipimo. Magurudumu ya mbele yameinama kwa nje upande wa juu kwa digrii moja na nusu; hiyo ndiyo kemba. Mstari wa kingpini umeegemea ndani kwa digrii 7, hivyo dereva akikata kona, uzito wa gari wenyewe huyasukuma magurudumu yarudi katikati. Mstari huohuo umeegemea nyuma kwa digrii 3, nayo huitwa kasta. Uma wa mbele wa baiskeli umeegemezwa kwa sababu hiyohiyo: tairi hugusa ardhi nyuma kidogo ya mahali mhimili unapoelekea, kwa hiyo gurudumu hufuata njia lenyewe. Hakuna nati ya kurekebisha vipimo hivi vitatu. Kimoja kikipotea, basi kuna kitu kimepinda, kimekatika, kimelegea au kimefungwa vibaya.

Kipimo cha nne ndicho kinachorekebishika. Kinaitwa toini: ukingo wa mbele wa matairi mawili unatakiwa kukaribiana kuliko ukingo wa nyuma, kwa milimita 1.2 hadi 2.4 tu. Gari likienda kwa kusukumwa na magurudumu ya nyuma, ukinzani wa barabara huyasukuma ya mbele yafunguke kidogo, na viungo vya fimbo navyo huachia kidogo. Ile tofauti ndogo humezwa hapo, na matairi hubingirika sambamba.

Je, wajua kosa dogo la toini hugharimu kiasi gani? Tuseme tofauti imefika milimita 10, kila tairi likiwa limegeuka milimita 5. Tairi la 7.50-16 lina kipenyo cha takriban milimita 800. Piga hesabu: katika kila kilomita moja, tairi linasukumwa pembeni zaidi ya mita 6. Kwa safari ya kilomita 70, hiyo ni zaidi ya mita 400 za mpira unaosuguliwa barabarani. Tairi jipya linaweza kuisha kabla mwenye gari hajaelewa kilichotokea.

Kabla ya kushika spana, soma tairi. Pitisha kiganja juu ya kashata zake, kutoka ndani kwenda nje, halafu kutoka nje kuja ndani. Ukihisi laini kuja ndani na makali kwenda nje, na bega la nje limeliwa, toini imezidi. Ikiwa kinyume chake, magurudumu yamefunguka mbele. Bega moja likiliwa bila makali yoyote, shuku kemba: huenda ekseli imepinda au kingpini imelegea. Katikati pakiisha mapema, upepo umezidi; mabega yote mawili yakiisha, upepo haujatosha.

Baada ya tairi, tafuta ulegevu. Gari likiwa chini na injini imezimwa, mtu mmoja autikise usukani kushoto na kulia, taratibu, huku mwingine amelala chini. Aweke vidole juu ya kiungo cha kwanza, vikigusa sehemu zote mbili zinazokutana. Zikitikisika pamoja, kiungo ni kizima, ahamie kinachofuata. Sehemu moja ikisogea na nyingine ikachelewa, hapo ndipo stering inapopotea. Afuate njia yote kutoka stering boksi hadi gurudumu la mwisho, bila kuruka rilei. Rilei ikikaukiwa oili, stering huwa nzito na hairudi yenyewe baada ya kona. Isifunguliwe ovyo, maana ndani yake kuna springi yenye nguvu ya kumjeruhi fundi ikifyatuka.

Sasa inua gurudumu kwa jeki na uweke stendi imara chini ya ekseli. Shika tairi juu na chini, ulisukume na kulivuta. Likicheza, usihukumu bado. Mwite msaidizi: "Kanyaga breki, mdogo wangu, ushikilie hapohapo." Tikisa tena. Ulegevu ukitoweka, wa kulaumiwa ni bering ya gurudumu, kwa sababu breki imeishika habu, yaani kitovu cha gurudumu. Ukibaki palepale, ni kingpini. Huyu ndiye mshukiwa mkuu gari linapoanza kutetemeka usukani mzima baada ya kupiga shimo, japo balansi mbaya ya tairi nayo huleta mtetemo. Kingpini hukazwa kwa kupunguza shimu, vile vibati vyembamba vinavyokaa hapo, kisha ugumu wake hupimwa kwa mizani ya ndoana kwa kuvuta mkono wa stering.

Gari likivuta upande mmoja, anza na vitu rahisi: upepo wa matairi, matairi yasiyofanana, breki ya drami inayobana upande mmoja. Vikiwa sawa, kumbuka jina la gari. Namba 109 ni inchi kutoka kitovu cha gurudumu la mbele hadi cha gurudumu la nyuma, karibu sentimita 277. Nyoosha usukani, upime kwa futi upande wa kulia, halafu wa kushoto. Pande zikitofautiana waziwazi, ekseli imehama mahali pake: pengine senta bolti imekatika, yu-bolti zimelegea, au bushi za springi zimeisha. Hapo mashine yoyote ya alaimenti, hata ya kompyuta, haitakusaidia.

Kwenye springi kuna makosa mawili yanayorudiwa sana. Springi ya upande wa dereva na ya upande wa abiria hazifanani. Ya dereva imeinuliwa zaidi kwa sababu upande huo una uzito zaidi. Ukizibadilisha upande, gari husimama limeinama. Kosa la pili ni kukaza bolti za bushi gari likiwa bado limening'inia kwenye jeki. Bushi hizo zina mpira ulioshikana na chuma. Gari likishushwa, mpira hujikunja moja kwa moja, na barabara ya vumbi huuchana mapema. Shusha gari kwanza, libebe uzito wake, ndipo ukaze.

Ulegevu wote ukishaisha, sasa pima toini. Simamisha gari mahali tambarare, magurudumu yakiwa yamenyooka. Weka alama ya chaki nyuma ya kila tairi la mbele, kwenye usawa wa katikati ya habu, upime umbali kati ya alama hizo. Sukuma gari mbele hadi gurudumu lizunguke nusu, alama zilezile zije mbele, upime tena. Kwa kutumia alama zilezile, rimu iliyopinda haiwezi kukudanganya. Kisha legeza klampu za fimbo inayounganisha magurudumu mawili na uizungushe. Nyuzi zake za upande mmoja ni za kulia na za mwingine ni za kushoto, kwa hiyo hurefuka au kufupika bila kuvunjwa. Kaza klampu, usukume gari tena, upime upya.

Lipeleke barabarani bila abiria, kwa mwendo mdogo kwanza, kisha ulijaribu na mzigo. Likirudi, kaza yu-bolti tena, kwa kuwa springi mpya hujipanga upya katika safari za mwanzo. Spea za gari hili bado zinapatikana na kazi yote hii hufanyika chini ya mti kwa jeki, spana, futi na chaki. Basi hakuna sababu ya kuwapandisha watu kwenye gari ambalo stering yake inajulikana kuwa imelegea.