Ufaransa na Jeshi la Jirani Yake

Mtu aliyeingiliwa nyumbani mara tatu na jirani mmoja hawezi kufurahi asikiapo kwamba jirani huyo atarudishiwa silaha zake, hata kama wanaomrudishia ni marafiki. Hiyo ndiyo hali iliyowapata Wafaransa mwaka 1950.

Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, walikuwa wameingia Ufaransa kwa vita mwaka 1870, mwaka 1914 na mwaka 1940. Katika vita vya 1914 hadi 1918 peke yake walikufa Wafaransa zaidi ya 1,300,000. Na mara ya tatu mji wa Paris wenyewe ulikaa miaka minne chini ya adui. Vita vilipokwisha mwaka 1945, Ujerumani ilinyang'anywa silaha zote.

Lakini mwezi wa Juni 1950 vita vilizuka Korea, na Marekani ikaogopa kwamba jambo kama hilo laweza kutokea Ulaya. Mwezi wa Septemba Waziri wake wa Mambo ya Nchi za Nje, Dean Acheson, aliwaambia wenzake huko New York kwamba Ujerumani ya Magharibi nayo sharti itoe askari.

Ufaransa ilihitaji sana msaada wa Marekani, kwa hiyo haikuweza kukataa waziwazi. Wala kukubali haikuweza. Basi tarehe 24 Oktoba 1950 Waziri Mkuu René Pleven alileta shauri jingine: lifanywe jeshi moja la Ulaya, na Wajerumani waingizwe humo kwa vikosi vidogo vidogo, vikichanganywa na vya mataifa mengine. Ujerumani isiwe na jeshi lake yenyewe, wala wizara ya vita. Tarehe 27 Mei 1952 nchi sita zilitia sahihi mkataba huo mjini Paris, yaani Ufaransa, Ujerumani ya Magharibi, Italia, Ubelgiji, Uholanzi na Luxembourg.

Ajabu ni kwamba waliolivunja shauri hilo ni Wafaransa wenyewe waliolizaa. Kadiri walivyousoma mkataba, ndivyo walivyoona kwamba kamba itakayomfunga Mjerumani itawafunga na wao pia, maana jeshi la Ufaransa nalo lingetiwa chini ya amri ya mataifa mengi. Uingereza haikuwamo, hivyo wangebaki uso kwa uso na Ujerumani. Tena askari wao hodari walikuwa wakipigana Indochina, ambako ngome ya Dien Bien Phu ilianguka mwezi wa Mei 1954. Tarehe 30 Agosti 1954 Bunge liliuweka mkataba kando, kwa kura 319 dhidi ya 264. Mzee Édouard Herriot, aliyekuwa na miaka 82, alikuwa ameonya kwamba mkataba ule ni mwisho wa Ufaransa. Kura zilipotangazwa, Makomunisti na wafuasi wa Jemadari de Gaulle, watu wasiopatana katika mambo mengine, waliimba wimbo wa taifa pamoja.

Aliyepata njia ni Anthony Eden, Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje wa Uingereza. Mwezi wa Septemba alizunguka katika miji mikuu ya Ulaya, kisha mkutano ukafanywa London. Huko Kansela Adenauer aliahidi kwamba nchi yake haitatengeneza silaha za atomiki, za sumu wala za maradhi. Walakini, kwa maoni yetu, ahadi iliyowagusa Wafaransa zaidi ni ile ya Waingereza, kwamba wataweka divisheni nne na ndege za vita Ulaya, wala hawataziondoa bila idhini ya wenzao walio wengi. Askari hao walikuwa huko tayari. Jambo jipya lilikuwa neno lenyewe, ambalo Uingereza haikupata kulitoa hapo kabla.

Hata hivyo Bunge la Ufaransa lilisitasita. Tarehe 24 Desemba 1954 lilikataa sehemu ya mapatano, na siku sita baadaye likayakubali kwa kura 287 dhidi ya 260. Mwezi wa Mei 1955 Ujerumani ya Magharibi iliingia katika NATO, ikiwa na ruhusa ya kuwa na jeshi lake yenyewe, jambo lile lile ambalo shauri la Pleven lilikusudia kulizuia. Tarehe 14 ya mwezi huo huo Urusi na rafiki zake walijibu kwa kutia sahihi mapatano yao ya ulinzi mjini Warsaw.

Tarehe 12 Novemba 1955 askari wa kwanza 101 walipokea vyeti vyao mjini Bonn. Mwaka 2010 kikosi cha Kijerumani kilipiga kambi Illkirch, karibu na Strasbourg, katika ardhi ya Ufaransa, na safari hii Wafaransa ndio waliokialika.