Gari Liko Mombasa, Mnunuzi Yuko Kayole: Jinsi ya Kubadilisha Umiliki

Siku hizi mkazi wa Kayole anaweza kununua gari lililoko Mombasa bila kukutana na muuzaji, na mkazi wa Umoja akauza lake kwa mtu wa Kisumu. Biashara hiyo ni halali. Shida huanza pesa zikishalipwa na funguo kuchukuliwa, huku jina kwenye logbuku likibaki la mwenye gari wa zamani.

Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinasema kwamba aliyesajiliwa ndiye huhesabiwa kuwa mwenye gari hadi ithibitishwe vinginevyo. Gari likisababisha ajali au likitumiwa katika uhalifu, wa kwanza kutafutwa ni yeye, hata kama aliliuza zamani. Mnunuzi naye hupata ugumu wa kuliuza au kuliweka dhamana ya mkopo. Sheria hiyo hairuhusu gari lililouzwa kutumika barabarani kwa zaidi ya siku 14 kabla ya mmiliki mpya kusajiliwa.

Usajili wa magari ni kazi ya Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani (NTSA), si ya kaunti. Huduma zake hupatikana kupitia eCitizen, kwa hivyo muuzaji na mnunuzi wanaweza kukamilisha shughuli kila mmoja akiwa mjini kwake.

Kabla ya kutuma pesa

Mnunuzi aombe rekodi ya gari kwenye eCitizen kwa kutumia nambari ya usajili. Alinganishe jina la mmiliki na kitambulisho cha muuzaji, kisha amtume mtu anayemwamini, ikiwezekana fundi, akakague nambari za chesisi na injini. Benki au kampuni ya mikopo ikiwa imeandikwa kama mmiliki mwenza, deni limalizwe na taasisi hiyo ikubali uhamisho kwanza. Anayeuza kwa niaba ya mwingine aonyeshe idhini ya maandishi, na mwenye gari mwenyewe apigiwe simu.

Makubaliano ya maandishi

Mkataba wa mauzo utaje majina, nambari za vitambulisho na PIN za KRA za pande zote, nambari za gari, bei na jinsi italipwa. Uandike pia tarehe na saa ya kukabidhi gari. Saa hiyo ni kinga kwa wote wawili likitokea jambo barabarani. Kila upande utie saini mbele ya shahidi au wakili na ubaki na nakala.

Uhamisho wenyewe

Muuzaji ndiye huanzisha uhamisho katika akaunti yake ya eCitizen kwa kuingiza maelezo ya mnunuzi. Mnunuzi huingia katika akaunti yake na kuukubali. Kwa kuwa hatua ya kwanza iko mikononi mwa muuzaji, ni busara mnunuzi abakishe sehemu ya malipo, kama walivyokubaliana katika mkataba, hadi uhamisho uanzishwe. Muuzaji naye asitoe gari kwa ahadi ya "tutabadilisha baadaye". Anayesaidiwa saiba asimwachie mhudumu nywila yake wala nambari ya siri inayotumwa kwa simu.

Safari na maegesho

Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni takriban kilomita 480. Gari lisianze safari kabla ya mnunuzi kuchukua bima kwa jina lake, na muuzaji aiarifu kampuni yake ya bima kuwa ameliuza. Ada za maegesho jijini Nairobi hulipwa kwa nambari ya usajili wa gari, hivyo anayenunua gari lililotumika hapa aulize mapema kama lina deni.

Wakazi wa Eastlands wanaohitaji usaidizi wa eCitizen wanaweza kufika Huduma Centre ya Makadara wakiwa na kitambulisho halisi na simu iliyosajiliwa kwenye akaunti yao.