Kijana anayetaka kujifunza elektroniki aanzie wapi?



Miaka michache iliyopita, ampli ya kanisa letu ilinyamaza katikati ya ibada. Kijana mmoja wa kwaya, mwenye kupenda mambo ya umeme, aliifungua akakuta fizibu imeungua. Akaweka waya mahali pake. Baada ya muda mfupi tuliona moshi, na ampli ikafa kabisa. Mimi nilimkemea mbele ya watu, naye hakushika tena bisibisi.

Leo naona kosa halikuwa lake peke yake. Fizibu huungua ili kulinda mashine. Ikiungua, mara nyingi kuna ubovu mwingine ndani. Lakini nani alimfundisha hayo? Sisi wazee tulimwachia kitu kikubwa kabla ya kumpa kidogo cha kujifunzia.

Anayeanza asifungue ampli wala televisheni. Umeme wa ukutani una volti nyingi, nao unaua. Hata mashine ikichomolewa, kondensa zake zinaweza kubaki na umeme wa kumrusha mtu. Betri ya sola ya volti 12 nayo, nyaya zake zikigusana, inaweza kuwasha moto. Mwanafunzi aanze na mawe manne ya redio. Kila moja lina volti 1.5, yakipangwa kwa mfuatano yanatoa volti 6, na hizo hazitamdhuru.

Atafute pia taa ndogo ya LED nyekundu na rezistansi moja ya om 330, yenye rangi za machungwa, machungwa na kahawia. Taa hiyo hutumia karibu volti 2. Zinabaki volti 4, nazo zinachukuliwa na rezistansi. Ukigawanya 4 kwa 330 unapata karibu ampea 0.012, kiasi ambacho taa inakivumilia vizuri. Bila rezistansi taa itaungua. Mguu mrefu wa taa uelekee upande wa chanya. Ukigeuzwa, taa haiwaki.

Hesabu hiyo ndiyo kanuni ya Georg Ohm, Mjerumani aliyeitangaza mwaka 1827: volti ni sawa na ampea mara om. Mwanafunzi asiikariri tu. Kwanza apige hesabu kwenye daftari, kisha apime kwa multimeta, aone kama majibu yanakaribiana. Kupima volti, nyaya za kipimo zinagusa pande mbili za kifaa. Kupima ampea, njia ya umeme inakatwa na kipimo kinaingia katikati. Kipimo cha ampea kisigusishwe moja kwa moja kwenye betri, maana fizibu yake itaungua.

Akishaelewa hayo, abadilishe rezistansi, aongeze swichi, aongeze taa ya pili, na kila mara aandike alichokiona. Halafu ajifunze kulehemu kwa kutumia redio mbovu iliyotupwa, na baadaye aingie kwenye transista. Ndipo aketi karibu na fundi mwenye uzoefu, atazame na kuuliza, kabla ya kugusa mali ya watu.

Katika kitabu cha Kutoka, Mungu alimjaza Bezaleli Roho wake kwa ajili ya kazi ya mikono, akampa pia moyo wa kufundisha wengine. Ufundi ni karama, na karama inahitaji mwalimu na subira.

Basi, ndugu wazee wa kanisa, multimeta ya bei ndogo, mawe ya redio na meza moja Jumamosi mchana havitatushinda. Ampli yetu tulinunua nyingine. Yule kijana nilikwenda kwao nikamwomba msamaha, naye amekubali kuanza upya, safari hii kwa taa moja ndogo.